Neno Nililowafundisha Akina Mama wa Kisumu Ndogo

Nilistaafu ukatekista baada ya Pasaka iliyopita, na makatekista vijana wa parokia wameniomba niandike jinsi nilivyofanya kazi miaka ile. Nadhani walitaka mambo ya kuwatia moyo. Yapo, na nitayataja. Lakini kazi yetu ni kuwaandaa watu kwa ubatizo, na kuna ubatizo mmoja ambao nikiuruka, yote mengine nitakayoandika yatakuwa mapambo. Kwa hiyo nivumilieni. Tutaanza mwanzo na tutakwenda polepole.

Nilianzia Kawangware, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko kwetu Magharibi, mmoja wa wale waliopewa darasa bila kusomea ualimu. Nilipokuja Nairobi kumfuata mume wangu, kilichobaki cha ualimu ni ugonjwa wa kusahihisha. Kawangware watu walisema "watoto mingi" na "hiyo maneno", nami niliumia kama mtu aliyekanyagwa kidole. Niliwasahihisha sokoni, niliwasahihisha kwenye foleni ya maji. Mume wangu aliniambia siku moja nitamsahihisha mwizi kabla ya kupiga mayowe.

Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Zakayo, katekista mzee ambaye alikuwa mpishi katika nyumba za matajiri wa Lavington kwa muda mrefu. Aliandaa ubatizo kama mtu anayeandaa meza ya wageni. Siku yangu ya kwanza hakunipa kitabu. Alinipa jerikeni tupu.

"Nusa," akasema.

"Ninuse nini, Mwalimu?"

"Nusa kwanza, binti yangu. Maswali baadaye."

Nikanusa. Ilikuwa imebeba mafuta ya taa.

"Jumapili iliyopita tulibatiza watoto kumi na mmoja kwa maji ya hii jerikeni. Wote walinukia kama koroboi. Mama mmoja akaniuliza kama hayo ndiyo mafuta matakatifu. Nikamwambia ndiyo."

"Kwa nini ulimwambia ndiyo?"

"Kwa sababu nilikuwa mwoga," akasema, akaichukua jerikeni yake.

Tangu siku hiyo kanisa lilikuwa na jerikeni yake yenyewe, imechorwa msalaba mwekundu, na haikuazimwa hata na mwenyekiti wa jumuiya. Mwalimu Zakayo alinifundisha kuyaanika maji juani tangu asubuhi ili mtoto asishtuke sana. Alinifundisha kumwonyesha msimamizi jinsi ya kumpakata mtoto, kichwa kikiwa chini kidogo, ili maji yasiingie masikioni. Alinifundisha kuuliza jina mapema, nje, tena kuliandika kwa herufi kubwa, kwa sababu mbele ya padri watu husahau hata walikotoka. Niliwahi kumsikia baba mmoja akiulizwa, "Mtoto huyu mmempa jina gani?" naye akajibu kwa sauti ya mtu aliye kwenye mwito wa majina, "Yuko."

Na alinifundisha hili, ambalo nimewaambia wengi wenu: mtoto akilia, analilia maji, lakini mama yake analia kwa sababu nyingine, na usimnyamazishe hata mmoja.

Mwaka wa tisini na tatu nikahamishiwa Kibera, kwenye kigango kilichokuwa Kisumu Ndogo. Kanisa lilikuwa la mabati. Upande mmoja kulikuwa na baa, upande wa pili akina mama waliokuwa wakianika omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye magunia, kwa hiyo neno la Mungu lilihubiriwa likiwa na harufu kutoka pande zote mbili. Waumini wengi walikuwa wametoka kandokando ya ziwa, na wengine kwetu Magharibi: maseremala, mafundi wa kushona, wauza mboga, vibarua. Karibu wote walikuwa wapangaji, na karibu wote walikuwa na wazee wao mbali.

Nawaeleza hayo ili mwelewe ubatizo ulikuwa nini pale. Katika mafundisho tunasema mtu anazama na Kristo katika kifo chake na kuinuka naye, na hiyo ndiyo kweli yenyewe. Lakini kwa mtu wa chumba kimoja ambaye jirani yake alihamia juzi na atahama kesho, ubatizo ulikuwa pia siku ya kupata watu. Unapewa jina. Unapewa msimamizi, ambaye kuanzia siku hiyo ana haki ya kukugombeza. Wazazi wakifa, msimamizi ndiye anayeulizwa mtoto atalala wapi, na katika miaka ile swali hilo liliulizwa sana.

Jumapili ya ubatizo ilikuwa kubwa. Fundi mmoja kutoka upande wa Ayany alishona nguo nyeupe za watoto, zote kwa kipimo kimoja, hivyo wadogo walipotelea ndani na wakubwa walitembea kama waliofungwa. Mpiga picha aliwapanga ukutani na kuwaambia wasitabasamu. Baada ya misa watoto walibebwa kwa maandamano mpaka nyumbani kwa kila mmoja, akina mama wakipiga vigelegele, watu wa baa wakitoka nje na chupa zao kutazama. Mara moja mlevi alisimama katikati ya njia akauliza, "Na mimi nani atanibeba?" Mama mmoja akamwambia, "Wewe ulishabebwa. Ulijimwaga mwenyewe." Kulikuwa na wali, kuku mmoja wa watu ishirini, na soda za kugawana. Sijaona karamu za kifahari zilizonipa furaha kama ile.

Kisha ugonjwa ukaanza kutufikia nyumba kwa nyumba. Hatukuutaja jina. Tulisema fulani "amekonda", au "ana kifua". Wengine walisema ni chira, yaani adhabu ya kuvunja mwiko wa ukoo, kwa sababu chira angalau ilikuwa na dawa. Vijana walitoka hospitalini wakirudishwa nyumbani wafie huko. Akina mama wa jumuiya waliwatembelea na beseni, sabuni, uji, na mifuko ya nailoni ya kuvaa mikononi. Walikuwa wakirudi kwangu na swali moja: huyu hakubatizwa, na sasa anaomba, tufanyeje?

Padri wetu wa wakati huo alikuwa na vigango vingi kuliko miguu. Tulipokwenda kumwita, mara nyingi tulirudi tukikuta mwili umefunikwa. Lakini mnajua sheria: katika hatari ya kifo mtu yeyote anaweza kubatiza, mradi amwage maji, aseme maneno yenyewe, na akusudie kufanya kile ambacho Kanisa hufanya. Kwa hiyo padri akaniambia niwafundishe wale akina mama. Walikuwa tisa.

Niliwafundisha Alhamisi moja mchana, ndani ya kanisa. Sikuwa na mwanasesere, nikanunua kabeji. Tuliiweka kwenye beseni na kila mmoja akaja kuimwagia maji. Kabeji ile ilibatizwa siku hiyo mara nyingi kuliko watu wa mtaa mzima.

"Mwalimu, tukimaliza hii kabeji tutaipika ama?" mmoja akauliza.

"Utakulaje Mkristo mwenzako?" mwingine akamjibu. Wakacheka mpaka nikagonga meza.

Aliyecheka kidogo kuliko wote alikuwa Mama Akinyi. Jina lake Nereah. Alikuwa mjane, muuza omena, mwanamke mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Alikuwa amebatizwa akiwa mtu mzima, katika darasa langu mwenyewe, na tangu hapo alishika kila nilichosema kama mtu aliyebeba mayai.

Nikawaambia warudie maneno pamoja nami. Nikasema, "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Wakarudia, wanawake tisa kwa sauti moja: "Nakubatiza." Masikio yangu ya shule yakawasha. Na hapo mmoja wao, hata sikumbuki nani, akauliza, "Mwalimu, na vile tunaendanga wengi, si tuseme tunakubatiza?"

Nilifurahi. Lazima niseme hivyo, maana ndivyo ilivyokuwa. Miaka miwili nilikuwa nimepigana na "watoto mingi", na sasa mtu ameuliza swali la sarufi kanisani. Nikaeleza kwa subira, kama ninavyopenda, kwamba mmoja husema "nakubatiza" na wengi husema "tunakubatiza". Nikaongeza na mahubiri juu yake: hatuendi kwa mgonjwa kama mtu mmoja, tunaenda kama jumuiya, na mgonjwa asikie kwamba ni sisi sote tunampokea. Nikawarudisha mmoja mmoja kwenye kabeji. Aliyesema "na" nikamsahihisha. Mama Akinyi alikosea mara moja, akaona haya, na hakukosea tena.

Hivyo ndivyo neno lilivyoingia kwenye nyumba za watu. Zaidi ya mwaka mmoja walilibeba, nami niliandika majina waliyoniletea katika daftari na kuwaandikia vyeti.

Mmoja wa waliobatizwa hivyo alikuwa Wekesa, seremala, ambaye tulikwisha kumtafutia watu wa kuusafirisha mwili wake. Akabatizwa, akalala, na asubuhi akaomba chai. Ilikuwa homa ya matumbo tu. Alipata nguvu akarudi kupiga randa, na kila aliponiona alisema, "Mwalimu, samahani kwa usumbufu."

Mwingine alikuwa Akinyi, binti wa Nereah.

Akinyi alirudi kwa mama yake kutoka Mombasa akiwa amebaki mifupa. Hakuwa ameolewa. Mama yake alipobatizwa yeye alikuwa mbali, na hakutaka kusikia habari ya kanisa. Wiki za mwisho alibadilika, nadhani kwa sababu alichoka kumwona mama yake akipiga magoti pembeni ya kitanda akijifanya anatafuta kitu chini. Akamwambia, "Sawa, Mama. Nimwagie." Nereah akammwagia. Akinyi akafa siku ya tatu. Mama yake akanijia, nikaandika jina, nikampa cheti, na alikwenda nacho kwenye mazishi kijijini kwao kando ya ziwa. Mimi sikwenda. Aliporudi alikuwa mtulivu kuliko nilivyotarajia, na wiki iliyofuata alikuwa amebeba beseni lake akienda kwa mgonjwa mwingine.

Mwaka wa tisini na tano tuliletewa padri mpya, Padri Silvano, kijana mwembamba, mpole, aliyetembea kwa miguu kila mahali. Siku moja alimtembelea mgonjwa na kuwakuta akina mama wakimbatiza. Alisimama mlangoni akasubiri wamalize. Kisha akaja moja kwa moja kwangu.

"Mwalimu, hawa akina mama wanasema 'tunakubatiza'. Nani aliwafundisha?"

"Mimi, Fatha."

Akakaa. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Alinieleza jambo ambalo sasa ninawaeleza ninyi. Anayebatiza ni Kristo mwenyewe, na anatumia mkono na mdomo wa mtu mmoja. Jumuiya inashangilia, inapokea, inalea, lakini jumuiya haibatizi. "Ukisema 'tuna'," akasema, "umegeuza ubatizo kuwa kikao kinachomkubali mwanachama." Nikamwambia ni herufi mbili tu. Akasema, "Ndiyo, Mwalimu. Na ukisema 'nakupenda' na 'tunakupenda', mkeo atasikia tofauti." Kisha akakumbuka kwamba mimi ndiye mke wa mtu.

Aliandika barua kwa wakubwa wake. Jibu lilikuwa fupi. Walio hai wabatizwe tena kwa njia ya shaka, yaani padri aseme, "Kama hujabatizwa, nakubatiza." Akina mama wafundishwe upya. Waliokufa wakabidhiwe kwa huruma ya Mungu, ambaye hafungwi na sakramenti zake. Familia zao zisisumbuliwe bila sababu.

Niliyashika maneno hayo ya mwisho kwa mikono miwili. Niliwaita wale tisa, nikawaambia, "Utaratibu umebadilika. Kuanzia leo tunasema 'nakubatiza'." Hawakuuliza. Walikuwa wamezoea kunitii.

Wa kwanza kubatizwa tena alikuwa Wekesa, Jumapili, mbele ya watu wote. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma, "Mara ya kwanza nilipona. Sasa mara ya pili nitaota meno mapya ama?" Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nikimtazama Nereah, kwenye benchi la tatu. Hakucheka. Padri aliposema "Kama hujabatizwa", aliinua kichwa polepole, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake na hajui na nani.

Kesho yake mchana akatuma niitwe. Nilimkuta kwenye magunia yake, akigeuza omena juani kwa kiganja. Akanisukumia debe nikalie.

"Mwalimu, Wekesa amemwagiwa maji tena."

"Ndiyo, Mama Akinyi."

"Na mimi ndiye nilimbatiza."

"Ndiyo."

"Ile yangu ilikuwa na nini?"

Nikamwambia utaratibu umebadilika.

"Vitambulisho pia vimebadilishwa juzi," akasema. "Na bado mimi ni Nereah. Hakuna mtu amenizaa tena." Mkono wake uliendelea kugeuza. "Nieleze vile unaelezanga."

Nikamweleza. Nilitumia maneno yote ya Padri Silvano, kwa utaratibu, na nilipofika kwenye neno lenyewe nikasema, "Kosa si lako. Ni mimi niliyewafundisha 'tuna'. Fatha hakuniambia, kitabu hakikuniambia. Nilipenda jinsi lilivyosikika."

Mnunuzi alikuja, Nereah akampimia makopo mawili, akamwaga na nyongeza, akamuaga vizuri.

"Siku ile ya Akinyi," akasema, "sikuwa na mtu. Wenzangu walikuwa mazishini. Nilikuwa mimi na yeye tu ndani ya nyumba. Nikachukua kikombe, nikafika hapo kwa neno, nikasimama. Nikajiuliza, tuna, sisi na nani? Hapa niko peke yangu na mtoto wangu. Nilitaka kusema nakubatiza. Lilikuwa limefika hapa." Akagusa koo. "Kisha nikakumbuka vile ulinisahihisha kwa kabeji, nikaogopa kumharibia. Nikasema tuna."

Wenzangu vijana, mtasoma vitabu vingi vya kufundisha, vyote vinashauri mwalimu afundishe mpaka mwanafunzi asikosee. Mimi nilimfundisha mtu mpaka akashindwa kusema lililo sahihi lilipokuwa mdomoni mwake.

"Unajua kwetu walimzika wapi?" Nereah akauliza.

"Nyumbani."

"Nje ya ua. Msichana ambaye hajaolewa hawezi kulala ndani ya boma la baba yake. Ndiyo desturi ya ukoo, sikubishana. Walichimba huko nyuma ya miti ya ua, na mimi nikasimama na cheti chako mkononi. Nikamwambia Akinyi kimoyomoyo, usijali, hawa wamekuweka nje, lakini kwa Mungu uko ndani. Nimekuingiza mwenyewe kwa mkono wangu." Sasa mkono ulikuwa umetulia juu ya omena. "Niambie, Mwalimu. Na huko pia yuko nje?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia Mungu hafungwi, kwamba Akinyi alitaka, na kutaka kwake kulisikika, kwamba huruma ni kubwa kuliko neno. Naamini hayo mpaka leo. Lakini nilikuwa nikiyasema haraka mno, nami nilijisikia nikiharakisha.

"Sikuulizi kama Mungu ni mzuri," akasema. "Nakuuliza kama alibatizwa."

"Sijui, Mama Akinyi."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa uzito halisi wa kitu. "Basi hayo mengine ni ya Fatha. Yako ni moja. Nikienda nyumbani Agosti tutaenda na wewe. Utasimama pale kwake umwambie neno lilikuwa lako. Mimi siwezi kumwambia. Mimi nilishamwambia yuko ndani."

Nikasema nitakwenda.

Agosti nilikuwa na semina. Desemba mwanangu aliugua, ingawa si sana. Pasaka ilikuwa na wakatekumeni wengi wa kuandaa kwa ubatizo. Mwaka uliofuata hakuniuliza, nami nilishukuru kwamba hakuniuliza, na hiyo ndiyo shukrani chafu kuliko zote nilizowahi kuwa nazo. Hakuacha kanisa. Hakuacha wagonjwa. Aliwaosha, aliwanywesha, aliwageuza vitandani kwa ile mikono yake mikubwa. Lakini ilipofika wakati wa maji, alimpa mwenzake kikombe na kurudi nyuma. Niliona hivyo kwa macho yangu zaidi ya mara moja. Mgonjwa mmoja alimwomba yeye hasa, akamwambia, "Mama, si unibatize wewe?" Nereah akasema, "Mkono wangu una kidonda." Haukuwa na kidonda.

Alikufa mwaka wa tisini na saba. Ilikuwa presha. Alianguka kwenye magunia yake asubuhi moja na hakufika hospitali. Tulichangishana, tukausafirisha mwili, na safari hii nilikwenda.

Nereah alizikwa ndani ya boma, mahali pake kama mke wa nyumba hiyo, pembeni ya kaburi la mumewe. Padri wa kule hakuweza kufika, kwa hiyo sala niliongoza mimi. Zilikwenda vizuri. Watu wakaenda kunawa mikono na kutafuta kivuli. Mimi nikatoka nje ya ua.

Kaburi la Akinyi lilikuwa limeshuka likalingana na ardhi. Kulikuwa na jiwe moja upande wa kichwa, na mbuzi aliyefungwa karibu. Nikasimama na kitabu changu. Nikasema, "Akinyi, mimi ni mwalimu wa mama yako. Neno alilokwambia lilikuwa langu. Lake lilikuwa sahihi."

Nikasikia mtu nyuma yangu. Alikuwa shemeji yake Nereah, Mzee Okelo, mwenye boma sasa, mzee mrefu aliyekuwa amenifuata kuona mgeni anapotelea wapi.

"Unaongea na huyu msichana?" akauliza.

"Nilikuwa na ujumbe wake, Mzee."

"Umechelewa kuleta."

"Nimechelewa sana."

Akasogea, akamsukuma mbuzi kwa mguu atoke kwenye jiwe. "Watu wa kanisa la hapa waliuliza siku ile kama alikuwa wenu. Mama yake akawaonyesha karatasi, wakamwombea. Lakini mmoja alisema karatasi za Nairobi zinaandikwa tu." Akanitazama. "Wewe ndiye ulikuwa ukiandika?"

"Mimi."

"Basi sema. Alibatizwa?"

Katika kitabu cha mazishi, kama mnavyojua, kuna sala mbili za kaburini. Moja ni ya aliyebatizwa. Nyingine, kurasa chache mbele, ni ya aliyekufa akitamani ubatizo kabla hajaupata. Ile ya pili ni nzuri sana. Haina uongo ndani yake, na ndiyo ambayo mtu mwangalifu angeisoma pale. Nilikuwa nimeitia utepe njiani, ndani ya basi.

"Mama yake alimbatiza," nikasema.

"Kwa mkono wake?"

"Kwa mkono wake. Walikuwa wawili tu."

Mzee Okelo akavua kofia. "Basi mwombee vile mlivyomwombea mama yake."

Nikautoa utepe, nikarudi nyuma zile kurasa chache, nikasoma sala ya waliobatizwa mpaka mwisho. Sijawahi kumwambia padri yeyote.